Mnyoo wa Ini: Ushuru Tunaoulipa Bondeni

Katika nchi ya Karagwe ng'ombe hakuwa kamwe mnyama wa nyama na maziwa tu. Ng'ombe ni akiba ya nyumba, ni mahari ya kijana, ni mbolea ya mgomba, na siku ya shida ndiye karo ya mtoto shuleni. Wafalme wa nchi hii waliokaa Bweranyange waliweka ng'ombe waliofuliwa kwa chuma miongoni mwa vitu vitukufu vya utawala wao. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliingia katika nchi ambayo heshima ya mtu ilihesabiwa kwa mifugo yake. Hata katika jina la Ihembe, kata mojawapo ya Wilaya ya Karagwe, mwenye kuzijua lugha za huku hulisikia neno pembe.

Mali hiyo imepigwa mara nyingi. Sotoka iliyopita Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 ilifagia mazizi mazima, na mbung'o waliwafungia wafugaji malisho mengi mema. Lakini sotoka na nagana ni adui waliokuja kwa kishindo. Mfugaji aliiona mizoga, akalia, na kilio chake kikasikika. Ndiyo maana sotoka ilipigwa vita kwa chanjo mpaka mwaka 2011 dunia nzima ikatangazwa kuwa imeokoka nayo. Adui ambaye twataka kumweleza leo hana kishindo. Hafyeki zizi kwa usiku mmoja. Huchukua kidogo kidogo, kila siku, kama mtoza ushuru aliyeketi kando ya njia ya majini; na wengi wanaomlipa hawajui kwamba wanalipa.

Adui huyo ni mnyoo wa ini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; huyu hakutosheka na nguo, amejenga nyumba ndani ya ini.

MAFIGA MATATU

Mnyoo wa ini ni bapa kama jani la mti. Yule wa nchi za joto, ambaye ndiye wa mabonde yetu, aweza kufikia urefu wa sentimeta 3 hadi 7. Wataalamu humwita Fasciola gigantica, na hukaa katika mirija ya nyongo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kila siku hutaga mayai kwa maelfu. Mayai hushuka pamoja na nyongo, huingia matumboni, kisha hutoka na kinyesi.

Yai likianguka katika nchi kavu na jua likaliwakia, limekwisha. Likianguka majini, katika siku chache zisizozidi sana majuma mawili ya joto, huanguliwa. Kinachotoka ni kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachoogelea kwa haraka, maana maisha yake ni ya saa chache tu. Asipompata konokono wa namna yake katika muda huo hufa. Akimpata humwingia mwilini, na humo ndimo lilimo ajabu lenyewe. Kidudu kimoja hugeuka kuwa mamia. Baada ya majuma kadhaa watoto wa mnyoo hutoka katika konokono, huogelea, hushika shina la jani lililo ndani ya maji au pembeni mwake, na hujifunika kwa ganda gumu. Wakisha kujifunika hivyo, wanaweza kungojea kwa majuma mengi, mradi unyevu upo.

Ng'ombe ajapo na kiu akala jani lile au akanywa maji yale, ganda hufunguka tumboni mwake. Mnyoo mchanga hutoboa utumbo, huingia katika ini, na kwa majuma mengi hutembea ndani ya nyama ya ini akiila na kuijeruhi, mpaka afike katika mirija ya nyongo. Huko hukomaa, na baada ya miezi mitatu au minne tangu siku ile ya kunywa, naye huanza kutaga. Duara limekamilika.

Haya hayakujulikana bure. Katika miaka ya 1879 na 1880 kondoo wapatao milioni 3 walikufa Uingereza kwa maradhi haya, baada ya mvua nyingi kulowesha malisho. Msiba huo uliwasukuma wataalamu kuitafuta siri yake, na kati ya mwaka 1881 na 1883 wawili, Rudolf Leuckart wa Leipzig na A. P. Thomas wa Oxford, kila mmoja akifanya kazi yake mwenyewe, walithibitisha kwamba mnyoo hawezi kuishi bila ya konokono.

Basi maradhi haya yamekaa juu ya mafiga matatu: mnyama, konokono, na maji yanayowakutanisha. Chungu hakisimami juu ya mafiga mawili. Swali linalomkabili mfugaji wa Ihembe, wa Nyaishozi au wa Kyerwa ni moja tu: katika mafiga hayo matatu, lipi analoweza kuling'oa?

HASARA INAYOONEKANA NA ISIYOONEKANA

Hasara inayoonekana huonekana machinjioni. Mkaguzi wa nyama hukata ini, huikuta mirija ya nyongo imekuwa minene na migumu kama mabomba, minyoo imo ndani, na kwa haki kabisa huamuru ini litupwe. Mchinjaji hunung'unika, kisha husahau.

Tufanye hesabu ya mfano. Machinjio madogo huchinja ng'ombe 10 kwa juma, na kila juma maini 3 hutupwa. Kwa mwaka wa majuma 52 ni maini 156. Ini moja tulihesabu kuwa kilo 4. Jumla ni kilo 624 za chakula bora kabisa cha damu, ambacho mama mjamzito na mtoto mchanga wanakihitaji kuliko mtu mwingine yeyote, kilichochimbiwa shimoni.

Hasara hiyo ni kubwa, lakini kwa hakika ndiyo ndogo. Kubwa zaidi haifiki machinjioni. Wataalamu wameona kwa kondoo kwamba mnyoo mmoja aweza kumpotezea mnyama hata nusu mililita ya damu kwa siku. Mnyama mwenye minyoo 100 basi aweza kupoteza hata mililita 50 kila siku, naye bado anatembea, anakula, na mwenyewe husema kwamba ni mzima ila amekonda kidogo kwa kiangazi. Manyoya husimama, macho hupauka kwa ndani, na ikiwa maradhi yamezidi, maji hujaa chini ya taya kama mfuko mdogo. Mpaka dalili hiyo ionekane, ushuru umekwisha lipwa miezi mingi.

Tuendelee na mfano wetu. Ng'ombe anayepungukiwa nusu lita ya maziwa kwa siku, katika siku 200 za kukamuliwa amepoteza lita 100. Mwenye ng'ombe kumi wa namna hiyo amemwaga lita 1,000 bila kusikia hata tone likianguka. Na ikiwa jike dhaifu huchelewa kushika mimba kwa miezi mitatu, basi mwenye majike 20 amepoteza miezi 60, yaani miaka mitano ya kazi ya ng'ombe mmoja mzima. Ni nani ambaye angekubali kumlisha ng'ombe miaka mitano bila ndama wala maziwa? Hakuna. Lakini hasara hiyo ikigawanywa kwa ng'ombe 20, twaikubali na kuiita bahati mbaya.

Katika dunia nzima wataalamu wamekadiria hasara ya minyoo ya ini katika mifugo kuwa inazidi dola bilioni 3 za Marekani kila mwaka. Wala mwanadamu hakusalimika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wasiopungua milioni 2.4 wana mnyoo huyu. Yafaa ieleweke vyema kwamba mtu haambukizwi kwa kula nyama ya ng'ombe mgonjwa. Huambukizwa kwa njia ile ile ya ng'ombe, yaani kwa kunywa maji ya kinamasi yasiyochemshwa na kula majani mabichi yaliyoota majini. Mtoto anayechunga na kuchota maji ya kunywa mahali ng'ombe wanapooga yu katika hatari moja nao.

WANYAMA WA PORI

Wako wanaosema kwamba maradhi haya hutoka porini. Neno hili lina chembe ya kweli, nalo lapasa kupimwa kwa haki. Mnyoo wetu huyu alipewa jina lake mwaka 1855 na Mwingereza Thomas Spencer Cobbold, baada ya kumkuta katika ini la twiga. Nyati na baadhi ya swala huwa naye. Kiboko ana mnyoo wake wa ukoo huo huo, aitwaye Fasciola nyanzae, jina linalotokana na Nyanza. Na tangu mwaka 2019 nchi hii imezungukwa na hifadhi tatu za taifa, Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, ambamo wanyama hao wanastahili kuishi, kwa faida ya taifa na ya vizazi vijavyo.

Lakini tutazame wingi. Katika bonde la kijiji, kinyesi kinachoanguka majini kila siku si cha nyati. Ni cha ng'ombe wetu. Mnyama wa pori hupita, naye ng'ombe hurudi pale pale, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Na hata ikiwa mbogo mmoja alileta yai la kwanza, mamia na maelfu yaliyofuata yalitoka zizini. Tena mpaka wa hifadhi hauzuii maji. Mto Kagera na vinamasi vyake haviulizi ng'ombe ni wa nani, na uchafu wa bonde letu huweza kuwafikia wanyama wa pori kama vile wa kwao unavyoweza kutufikia.

Funzo la jambo hili ni zito. Hakuna atakayemnywesha dawa nyati wa Burigi wala kiboko wa Kagera. Kwa hiyo maji ya mabonde hayatasafika kabisa, na anayengojea siku hiyo atangoja mpaka mwisho wa dunia. Imetubidi kupigana mahali tunapoweza kushinda, yaani mahali ng'ombe wetu anapoinama kunywa.

DAWA NI NZURI, LAKINI

Figa la kwanza ni mnyama, na silaha yake ni dawa. Hapa yako makosa mawili yanayowagharimu wafugaji fedha nyingi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila dawa ya minyoo huua kila mnyoo. Sindano ya ivamektini, ambayo wengi huipenda, ni nzuri kwa minyoo ya mviringo na kwa wadudu wa ngozi, lakini mnyoo wa ini haumgusi. Albendazoli humwua aliyekomaa tu, tena kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha minyoo mingine. Mchanga anayetembea katika nyama ya ini humwacha aendelee. Triklabendazoli ndiyo inayoua mkubwa na mchanga pia, lakini haifai kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu, na katika baadhi ya nchi mnyoo amekwisha kuizoea kwa sababu ilitumiwa ovyo. Haya si mambo ya kuamuliwa dukani kwa kutazama bei. Ni kazi ya Bwana Mifugo, naye akiwa na mashaka, kinyesi kipimwe. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo chake Mwanza kwa ajili ya Kanda ya Ziwa, na kipimo cha mayai ya mnyoo huyu si cha ajabu: mayai yake ni mazito, huzama chini ya maji, na hapo ndipo mpimaji huyatafuta.

Kosa la pili ni kunywesha dawa bila majira. Kanuni iliyo njema ni kupiga mara mbili. Mara ya kwanza ni mvua za masika zikisha, mifugo ikiwa karibu kuanza kuteremka mabondeni kwa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mara ya pili ni mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua za Septemba, ili mayai yasimwagwe majini wakati konokono wanapoanza kuzaana kwa wingi. Bwana Mifugo atarekebisha miezi kulingana na bonde lenyewe.

Pamoja na hayo yote, dawa peke yake haitoshi. Mtu mmoja akinywesha ng'ombe wake 15, na jirani zake wanne wasinyweshe, na wote wakanywa bonde moja, yule mmoja amenunua miezi mitatu tu. Fedha yake imekwenda na maji. Lawama si ya dawa, bali ni ya kupigana peke yako vita vya wote.

KONOKONO NAYE

Figa la pili ni konokono. Anayebeba mnyoo wa ini ni mdogo, gamba lake ni jembamba, la rangi ya hudhurungi, na hupenda maji yatulivu yasiyokauka. Mtu aweza kumtambua kwa njia rahisi. Shika gamba, ncha yake ikiwa juu na mlango wake ukikuelekea. Mlango ukiwa kulia, na gamba jembamba lina ncha, yaelekea ndiye. Ukiwa kushoto, ni wa ukoo mwingine, wale wanaobeba kichocho cha mifugo na minyoo bapa ya tumboni. Mwalimu wa shule ya msingi aweza kuwafundisha watoto jambo hili kwa saa moja tu, ila asiwaache watie mikono majini. Afadhali awatumie makopo na vijiti virefu, maana kichocho cha watu nacho hakiko mbali.

Je, tumwue konokono kwa sumu? Zamani mrututu ulitumiwa katika nchi nyingi. Lakini sumu inayomwua konokono huua samaki pia, na konokono wachache wanaosalia huzaana upesi wakalijaza bonde tena. Kulitia sumu bonde ambalo watu huvua, hunywa na kumwagilia mboga ni kuponya jipu kwa kukata mguu. Huko Indonesia wakulima wa mpunga wameonyeshwa njia ya upole zaidi. Bata wenye minyoo ya namna nyingine huwekwa karibu na mashamba, na watoto wa minyoo hiyo, wakiingia katika konokono, huwala watoto wa mnyoo wa ini. Hiyo ni njia ya nchi ya mpunga na bata. Sisi hatuna budi kutafuta ya kwetu.

MAJI YAMFUATE NG'OMBE

Limebaki figa la tatu, mahali pa kukutana, nalo ndilo tunaloliweza. Karagwe ni nchi ya vilima, na chemchemi nyingi hutoka mbavuni mwa vilima kabla ya kufika kinamasini. Chemchemi ikizungushiwa uzio, maji yakashushwa kwa bomba mpaka kwenye birika la saruji mahali pakavu, ng'ombe atakunywa maji ambayo kinyesi chake hakikuyafikia. Hapahitajiki mashine; mteremko wenyewe ndio mashine. Mambo mawili tu yaangaliwe: maji yanayofurika birikani yapewe mfereji, yasije yakafanya kinamasi kipya palepale, na birika lisuguliwe mara kwa mara, konokono wasihamie humo.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mkutano wa kijiji ukiamua mahali pa birika, njia ya mifugo, na zamu ya kulitunza, unatimiza sheria na kuokoa maini kwa tendo moja.

Kuna hoja moja ya wafugaji isiyopaswa kupuuzwa. Wao husema: wakati wa kiangazi vilima vimekauka, na jani bichi liko bondeni tu, mkitukataza bonde mnataka ng'ombe wafe kwa njaa badala ya minyoo. Hoja hii ni ya haki. Kwa hiyo hatusemi bonde lifungwe. Twasema kiu ikatwe kwanza birikani, ili ng'ombe asisimame majini kutwa. Alishwe katika ukingo uliokwisha kukauka, na ule wa chepechepe uachwe. Ndama wasishushwe kabisa. Mwenye ng'ombe wa ndani anayekatiwa majani naye asijidhani yu salama, kwa kuwa mnyoo huletwa na mundu kama anavyofuatwa kwa miguu. Majani ya bondeni yakatwe juu ya usawa wa maji, yaanikwe juani mpaka yakauke vizuri, ndipo yapelekwe zizini. Na wakati wa mvua, vilima vinapokuwa kijani, nyasi zikatwe na kuwekwa akiba.

Neno moja pia kwa wakubwa wa machinjio. Ini linapotupwa, habari yake isitupwe pamoja nalo. Mkaguzi akiandika kila ini limetoka kijiji gani, na hesabu hiyo ikasomwa katika mkutano wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, watu wa Ihembe watajua wanalipa kiasi gani, na wataona mwaka kwa mwaka kama birika lao linafaa. Daftari na kalamu si gharama. Hakuna mwananchi anayekataa kujenga birika akisha kuonyeshwa kwa hesabu kwamba amekuwa akilipa bei yake mara mbili, tena bila kupewa hata stakabadhi.

Sotoka ilihitaji chanjo ya mataifa. Mnyoo wa ini hahitaji mengi hivyo. Ahitaji dawa sahihi kwa majira yake, wafugaji wa bonde moja wanaokubaliana kunywesha siku moja, na chemchemi yenye uzio. Vijana wa kijiji wana mikono, vilima vina mawe na maji. Kiangazi kijacho kisitukute tungali tukibishana kama nyati ndiye mwenye kosa. Kikute birika la kwanza limejaa.